Chenso ya betri Njombe na Makambako: inakulipa kwenye matawi, inakuumiza kwenye gogo

Leo tunaongea na nyie wa Njombe, Makambako, Wanging'ombe, Makete na Ludewa mnaokula kupitia mti. Wapogoaji wa parachichi, mafundi wa kuangusha miti ya mjini, vijana wa uzio na bustani, na wewe unayewaza kuanza.

Swali linalorudi kila wiki ni hili: "Nimeona chenso za betri, nyepesi, hazina moshi, hazivutwi kamba. Ninunue?"

Jibu fupi: ndiyo, kama kazi unayouza ni ya matawi. Hapana, kama kazi unayouza ni ya gogo. Jibu refu ndilo hili hapa, na naanza na aibu yangu mwenyewe.

MTI ULIOKATWA NUSU

Nilinunua chenso ndogo ya betri kwenye duka moja. Begi lake zuri, betri mbili, na ubavuni imeandikwa 88V kwa herufi kubwa. Nikajiona nimemaliza. Wiki hiyo hiyo mama mmoja wa Makambako akaniita nimwangushie mlingoti uliokuwa umeinamia jiko lake la nje. Haukuwa mnene sana, kama ndoo ya lita kumi. Tukapatana bei, nikapokea nusu.

Nikakata kabari upande wa kuangukia, vizuri tu. Nikahamia nyuma kuanza kukata kuelekea kwenye kabari. Katikati ya mti, chenso ikazima. Nikaweka betri ya pili. Ikazunguka, ikalia, ikazima. Mnyororo umebanwa ndani ya mti, upepo unaanza, na mti umebaki umeshikiliwa na kipande cha katikati tu.

Wanaojua kazi hii wanajua hapo pana nini. Mti mzima ni mti, ila mti uliokatwa nusu ni mtego. Nikasimama pale karibu saa nzima nikizuia watoto na kuku wasipite, hadi mzee mmoja mwenye chenso ya petroli akaletwa na pikipiki. Alinitazama, akatazama mashine yangu, akasema, "Dogo, sogea." Dakika tano mti uko chini. Hela ya kazi akaichukua yeye, na ile nusu niliyopokea nikairudisha.

Mama yule hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kwani hukujua chaji ilikuwa kiasi gani?" Sikuwa najua. Nilikuwa nimesoma rangi ya begi, sikusoma betri. Kwa hiyo tuanze na betri.

1. SOMA BETRI KAMA UNAVYOSOMA MIZANI

Kwenye betri kuna namba mbili muhimu. V ni volti, yaani msukumo. Ah ni ampea-saa, yaani ujazo. Ukizidisha V kwa Ah unapata wati-saa, huandikwa Wh. Hiyo ndiyo lita yako. Mtu akikuuzia petroli bila kukwambia ni lita ngapi, utalipa? Basi usinunue betri bila kujua ni Wh ngapi.

Mfano: betri ya 36V yenye 5Ah ni 36 mara 5, sawa na 180Wh. Chenso ya betri ya kazi ikikata kwa nguvu ya wati 1,000 hivi, 180Wh inakupa dakika 10 na kidogo za kukata. Usishtuke. Ni dakika za mnyororo kuwa ndani ya mti, si dakika za wewe kuwa kazini. Ukikata tawi la unene wa mkono unatumia sekunde tatu hadi tano, unaachia, unasogea, unaangalia. Chenso ya betri ikiachiwa haitumii kitu. Kwa hiyo dakika 10 zile ni matawi zaidi ya mia moja kwenye karatasi. Toa robo kwa ajili ya uhalisia wa shamba, bado ni kazi ya maana.

Sasa peleka dakika hizo hizo kwenye mti wa unene wa sentimita 40. Kabari, kukata nyuma, kusafisha matawi, kugawa magogo: dakika nne au tano zimekwenda. Mti wa pili au wa tatu, betri imelala. Shamba lina miti mia nne.

Ile 88V yangu je? Ndani ya betri zile kuna seli, vidude vya duara vinavyofanana na betri za tochi. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 hivi, ikijaa inafika 4.2. Betri nyingi za chenso ndogo za bei nafuu zina seli tano kwenye mstari. Tano mara 3.6 ni 18, zikijaa ni 21. Basi! Hakuna 88 hapo. Hakuna 98 wala 199. Hayo ni maandishi ya kuuzia.

Njia ya kuumbua: geuza chaja usome nyuma. Ukikuta inatoa 21V, ujue betri ni ya 18V, hata kama begi limeandikwa elfu moja. Njia ya pili ni mizani. Seli moja ya kawaida ina gramu 45 hivi, kwa hiyo betri ya seli kumi lazima ikaribie nusu kilo au izidi. Ukiinyanyua ukaona nyepesi kama sabuni, ni seli tano, au kuna hewa ndani. Seli tano za 1.5Ah ni 27Wh tu. Hiyo ni dakika nne au tano za kukata. Mlingoti wa yule mama ulikuwa mkubwa kuliko dakika tano zangu.

Sisemi chenso hizo ndogo hazifai kabisa. Kwa matawi ya unene wa chupa ya soda, uzio na migomba ya nyumbani, zinasaidia. Kosa ni kuzipeleka kuangusha mti wa mtu.

2. KAZI ZA HUKU KWETU ZINAZOIFAA

Njombe imeota miti ya biashara tangu zamani. Kampuni ya TANWAT ilianza miwati hapa mwaka 1949, na leo misindano na milingoti iko hadi nyuma ya nyumba za watu. Ukisikia kazi ya miti unawaza shamba la mbao. Lakini angalia vizuri, kuna kazi nyingi za pembeni ambazo wenye chenso kubwa hawazitaki, au wanazifanya vibaya.

Miparachichi. Hapa ndipo penye hela ya betri. Mkulima wa Hass anahitaji mti usiwe mrefu kupita mchumaji, na mwanga uingie katikati. Kupogoa ni matawi mengi madogo na ya kati, mti hadi mti, safu hadi safu. Mkasi wa betri unakata tawi la unene wa kidole gumba bila mkono kuchoka, na chenso ndogo ya betri inamalizia matawi makubwa. Kwa chenso ya petroli ungekuwa unaiwasha na kuizima mara mia kwa siku. Kwa mkasi wa mkono ungelala na kiganja kimevimba.

Ila kupogoa parachichi si kufyeka. Fanya baada ya mavuno, muulize afisa ugani kama huna uzoefu. Usitoe matawi mengi kwa mpigo, jua litachoma magome yaliyozoea kivuli. Matawi yaliyobaki wazi wengi huyapaka chokaa. Na kabla ya kuhama shamba moja kwenda lingine, futa meno ya mkasi na mnyororo kwa dawa, hata jiki iliyochanganywa na maji, kisha kausha na kupaka mafuta. Ukibeba ugonjwa kutoka kwa mzee huyu kwenda kwa mama yule, jina lako litafika kabla yako.

Miti ya mjini. Matawi yanayogusa bati, mti ulioziba dirisha la gesti, michongoma ya shule, uwanja wa kanisa au msikiti, zahanati. Mteja huyu hataki kelele wala moshi. Unaweza kufanya kazi saa tatu asubuhi wageni wamelala, wanafunzi wako darasani, na hakuna anayekuja kulalamika. Hiyo ni bidhaa unayouza ambayo mwenye petroli hana. Iseme unapopatana bei.

Kupogolea misindano michanga. Mwenye shamba anayetaka mbao isiyo na vifundo anatoa matawi ya chini miti ikiwa bado midogo. Msumeno wa mkono bado ni mfalme hapa kwa bei, lakini chenso ndogo ya betri yenye mti wa kurefushia inaharakisha. Angalia tu ulimbo wa misindano: unaganda kwenye meno. Kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo mwisho wa siku, betri ikiwa imetolewa.

3. KAZI ZA KUMWACHIA PETROLI

Kuvuna shamba zima. Kukata nguzo za umeme za mlingoti. Kukata kuni za magogo siku nzima. Kuangusha mti mnene kuliko urefu wa bapa lako. Hapo unahitaji mashine inayokula mfululizo, na ikiishiwa unaongeza mafuta kwa dakika mbili unaendelea. Porini hakuna soketi. Ukibeba jenereta ya kuchajia betri, umerudi kwenye petroli kwa njia ndefu.

Zipo chenso za betri za kitaalamu zenye nguvu ya kuangusha miti mikubwa. Makampuni yale yale ya chenso za petroli, Stihl na Husqvarna, yanazitengeneza. Mashine ni nzuri, lakini ukijumlisha betri za kutosha siku nzima na chaja zake, mtaji wako unaweza kuwa umenunua chenso mbili za petroli na baki. Kwa mfanyabiashara mdogo hiyo si hatua ya kwanza.

Niseme ukweli upande wa pili pia, ili tusiionee betri. Mji wa Njombe uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Chenso iliyotuniwa Dar es Salaam ikifika hapa inakohoa na kujaza plagi masizi hadi fundi airekebishe kabureta. Mota ya betri haijui mwinuko. Nguvu ya Tanga na ya Njombe ni ile ile.

4. HESABU YA KWELI: UMEME SI GHARAMA, BETRI NDIYO GHARAMA

Muuzaji atakwambia, "Hutanunua mafuta tena." Ni kweli nusu. Twende na namba za mfano, wewe utaweka za kwako.

Kuchaji betri ya 180Wh, ukijumlisha na inayopotea kwenye chaja, unatumia kama uniti 0.2. Tuweke uniti shilingi 356, bei iliyozoeleka kwa wasio kwenye kundi la matumizi madogo. Ni shilingi 71 hivi. Rahisi kuliko andazi.

Lakini betri ina umri. Betri nzuri ya lithiamu huchajiwa mara 500 na zaidi kabla haijachoka. Tuseme umeinunua 300,000. Gawa kwa 500. Kila ukiichaji umekula shilingi 600 za betri. Jumlisha umeme, ni 670. Ukitumia betri nne kwa siku ni kama 2,700.

Chenso ya petroli ya ukubwa wa kati ikifanya kazi mfululizo inakunywa kama lita moja kwa saa au zaidi. Weka petroli 3,000 kwa mfano, ongeza oili ya kuchanganya: mililita 20 kwa lita kama mashine yako inataka moja kwa hamsini. Unaona? Tofauti si kubwa kama tunavyoambiwa. Faida ya betri haiko kwenye mafuta. Iko kwenye plagi usizonunua, kabureta usiyosafisha, kamba usiyovuta, na wateja wanaokuita kwa sababu huwapigii kelele.

Na betri ya bei chee? Tuseme 60,000, ikafa baada ya kuchajiwa mara 80. Ni 750 kila chaji, kwa dakika nne au tano za kukata. Hiyo ndiyo ghali. Bei ya dukani ndogo, bei ya kazini kubwa.

Kwa hiyo unapopanga bei ya kazi, weka shilingi za betri pembeni kila siku kama unavyoweka za mafuta. Fungua kibubu cha betri. Usipofanya hivyo, mwaka wa pili betri zitakufa pamoja na utajwa kuwa "alikuwa na chenso yule".

Jambo lingine: patana kwa mti au kwa kazi nzima, usipatane kwa saa. Ukilipwa kwa saa, wepesi wa mashine yako unamnufaisha mteja peke yake.

5. BARIDI, MVUA NA JUA

Hapa wa Njombe sikilizeni kuliko wote. Mwezi wa sita hadi wa nane asubuhi kuna siku majani yana barafu. Betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, inaharibika ndani bila wewe kuona. Chaja nzuri hukataa yenyewe. Chaja ya bei nafuu haina habari, inaendelea tu. Betri iliyolala kwenye kibanda au kwenye tela usiiweke kwenye chaja alfajiri. Ilaze ndani ya nyumba, iache ipate joto la chumba, ndipo uchaji.

Kutumia kwenye baridi kunaruhusiwa, ila itaonekana kama imepungua chaji. Ibebe ndani ya koti hadi ufike kwenye kazi. Watu watakucheka, lakini utamaliza safu mbili zaidi.

Mvua: usidhani kila mashine inavumilia. Soma karatasi yake. Kama haijasema inahimili maji, mvua ya Njombe ikianza, toa betri, funika, subiri.

Jua na moto: usiache betri juu ya dashibodi wala karibu na jiko. Usichaji usiku mmelala nayo chumbani. Betri iliyovimba, iliyoanguka ikapasuka au inayonuka, acha kuitumia. Usiitoboe, usiitupe jalalani wala kwenye moto. Na fundi simu anayekwambia "nakuongezea seli" muulize kama anaelewa saketi ya ulinzi iliyo ndani. Akisita, chukua betri yako uondoke.

6. KIMYA CHAKE KINAWEZA KUKUKATA

Chenso ya petroli inanguruma, kila mtu anakaa mbali. Ya betri imekaa kimya mkononi, mtoto anapita, msaidizi anainama kuokota tawi, wewe unagusa kitufe. Mnyororo hauna cha kuwaka kwanza. Unaanza papo hapo.

Sheria zangu tangu siku ile:

Betri inatoka kabla mkono haujagusa mnyororo. Kukaza, kunoa, kutoa tawi lililokwama, kupanda pikipiki. Kila mara. Kuachia kitufe haitoshi.

Mikono miwili. Chenso ndogo zinakushawishi kushika kwa mkono mmoja na tawi kwa mwingine. Mkono unaoshika tawi ndio unaokatwa. Nyingi za bei nafuu hazina breki ya mnyororo.

Usikate kwa ncha ya juu ya bapa. Ikigusa mti, mashine inarushwa kuelekea usoni, iwe ya betri au ya petroli.

Mkasi wa betri hauna huruma. Kinachokata tawi la unene wa kidole gumba kinakata kidole gumba. Mkono wa pili ukae nyuma ya mwili au ushike tawi mbali kabisa na meno.

Usipande ngazi na chenso kama hujafundishwa. Tumia yenye mti wa kurefushia, simama chini, na usisimame chini ya tawi unalokata.

Miwani, kofia ngumu, buti na suruali nzito si mapambo. Hata gambuti ni bora kuliko ndala.

Usianze kukata mti kabla hujahesabu chaji. Kabla ya kabari, weka betri iliyojaa kabisa, ya pili iwe mfukoni. Kama huna uhakika kwamba betri moja inamaliza mti huo, mti huo si wako.

Na waya wa umeme: tawi likiwa karibu na laini ya TANESCO, acha. Chenso ya betri haijakingwa na umeme wa nguzo, wala mti mbichi haujakingwa. Mwambie mteja apeleke taarifa ofisi ya TANESCO. Utapoteza kazi moja, utabaki na mikono ya kufanya mia nyingine.

Ukitaka kujifunza kwa ukamilifu, chuo cha viwanda vya misitu cha FITI chenye makao Moshi kina kituo Mafinga, hapo jirani kwenye barabara kuu. Uliza kuhusu mafunzo mafupi. Wiki chache darasani ni bei nafuu kuliko wiki moja wodini.

7. MNYORORO BUTU UNAKULA CHAJI

Hili ni dogo lakini linakula hela nyingi. Angalia kinachotoka kwenye mti. Vikitoka vipande vipande, mnyororo ni mkali. Ikitoka vumbi kama unga wa sembe, mnyororo ni butu, na betri yako inachomwa bure. Noa kwa tupa ya duara ya saizi ya mnyororo wako, pitisha mara mbili tatu kila jino, kila betri mbili au tatu.

Oili ya mnyororo nayo. Chenso ndogo nyingi hazina pampu, unadondoshea mwenyewe. Usitumie oili chafu ya injini kwenye shamba la parachichi. Inadondokea ardhini na kwenye matawi, na shamba linalouza nje hukaguliwa. Kwa kazi nyepesi mafuta ya alizeti yanafaa, ila futa mnyororo mwisho wa siku kwa sababu yakikaa yanaganda kama gundi.

8. KABLA HUJATOA HELA

Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya Tunduma, ya Songea na reli ya TAZARA zote zinakutana pale, na bidhaa za kila aina zinapita. Nyingine nzuri, nyingine za kuviziana. Fanya hivi:

Soma Wh, soma chaja, pima uzito. Tumeshasema.

Uliza kama betri inauzwa peke yake dukani hapo hapo. Kama haiuzwi, siku ikifa umebaki na plastiki.

Chagua familia moja ya betri. Drili, mkasi, chenso na mashine ya kukatia majani zikitumia betri moja, betri tatu zinafanya kazi ya sita.

Omba mota isiyo na kaboni kama bei inaruhusu. Inadumu na inatunza chaji.

Ijaribu kwenye gogo, si hewani. Kila chenso inazunguka vizuri hewani.

Dai risiti ya EFD na dhamana iliyoandikwa. Dhamana ya mdomo inaisha ukifika stendi.

Pitia ofisi ya TFS ya wilaya au kwa afisa misitu wa halmashauri ukaulize vibali: vya kumiliki na kutumia chenso, vya kukata, na vya kusafirisha mazao ya mti. Mti wa asili na mti uliopandwa havina utaratibu mmoja, na gogo likishapanda gari linahitaji karatasi zake. Kusema "mimi natumia betri tu" hakukusaidii kwenye kizuizi.

9. UANZE NA NINI?

Kama mtaji ni mdogo, anza na mkasi wa betri mzuri, betri mbili, na msumeno wa mkono kwa matawi makubwa. Chukua kazi za parachichi na bustani. Kibubu kikijaa ongeza chenso ya betri ya familia hiyo hiyo. Kazi ya gogo ikija, usiikatae wala usiivamie: elewana na mwenye chenso ya petroli, yeye aangushe, wewe usafishe matawi, mgawane. Yule mzee aliyeniambia "Dogo, sogea" leo tunapigiana simu. Matawi yangu, magogo yake.

Mkiwa kikundi cha vijana, wanawake au watu wenye ulemavu, ulizeni halmashauri mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mpango wa kupogoa parachichi wenye hesabu ya Wh, kibubu cha betri na wateja waliokwishakubali ni andiko linalosomeka.

Yule mama wa Makambako nilirudi kwake miezi kadhaa baadaye, kumpunguzia mparachichi. Aliniuliza kwanza, kabla ya salamu, "Chaji ipo?" Nikamwonyesha betri tatu, nikamwambia kila moja inamaliza kiasi gani cha mti ule. Akaniachia kazi, akaingia ndani kupika.

Mtumie huyu mwenzako anayetaka kununua kesho. Bora asome leo.